Kama Mungu alishajua kaka yangu hataokoka, alimuumba ya nini?

SWALI: "Shikamoo mwalimu. Mimi nimeokoka tangu nikiwa fom tuu, sasa nina miaka 26. Mwaka jana kaka yangu alipata ajali ya bodaboda, akalazwa siku mbili hajitambui, akafariki. Hakuwa ameokoka, alikuwa anakunywa sana, mimi na mama tumemwombea miaka. Sasa kwenye kikundi chetu cha Biblia kuna kaka mmoja anafuatilia sana mahubiri ya Kikalvini mtandaoni, akatufundisha Warumi 9 kwamba kabla dunia haijaumbwa Mungu alishachagua wa mbinguni na wa motoni na haibadiliki. Tangu siku ile siwezi kuomba. Kama Mungu alishajua kaka hataokoka, alimuumba ya nini? Tulikuwa tunamwombea nini? Na mimi nitajuaje kama nimo kwenye orodha? Msibani kila mtu alituambia kazi ya Mungu haina makosa, mama anaitikia amina ila usiku analia. Naomba usinijibu kwa kifupi."

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na poleni sana wewe na mama. Meseji yako nimeisoma taratibu kwa sababu humo ndani kuna maswali matatu yamebanana, la kaka yako, la maombi, na la wewe mwenyewe kama umo au haumo, na mtu akiyajibu yote kwa mkupuo anaweza akakuumiza zaidi. Niseme mapema nilipo ili ujue unajibiwa na nani: mimi ni Mlutheri, nafundisha historia ya mafundisho ya kanisa, na kwenye suala hili nina msimamo wangu nitakaoutaja huko mbele. Ila Wakalvini, yaani wanaofuata mafundisho ya Yohana Calvin wa karne ya 16, nitajitahidi niwatendee haki maana mara nyingi wanasingiziwa vitu ambavyo wao wenyewe hawavisemi, na naona hata huyo kaka wa kikundini amewasemea visivyo.

Tuanze na hili la "alishajua". Watu wengi wakisikia Mungu anaijua kesho, wanachoelewa ni kwamba Mungu ameshaifunga kesho, hakuna anayeweza kutikisika. Hayo ni mambo mawili kabisa. Agostino, yule askofu wa Hippo kule Afrika Kaskazini, pale ambapo leo ni Algeria, alishalijibu hili miaka zaidi ya 1,600 iliyopita na bado sijaona jibu jepesi kuliko lake: wewe unakumbuka ulichofanya jana, lakini kumbukumbu yako haikukulazimisha ukifanye. Vivyo hivyo Mungu kujua utakachofanya kesho hakukusukumi kukifanya. Anajua kwa sababu wewe utafanya, wewe hufanyi kwa sababu yeye anajua. Halafu akaja Boethius, msomi Mkristo aliyefungwa Italia akisubiri kuuawa miaka ya 520 hivi, akaongeza kwamba hata kusema Mungu "alishajua" ni lugha yetu sisi tunaoishi kwa saa na kalenda, yeye hana jana wala kesho, yote yako mbele ya macho yake kwa pamoja. Wakatoliki nao wameliweka hilo kwenye Katekisimu yao, namba 600.

Sasa hayo ni maneno ya wasomi, tuangalie mtu. Fungua Luka 22. Usiku ule Yesu anamwambia Petro waziwazi, jogoo hatawika leo kabla hujanikana mara tatu. Anajua, na anajua mpaka idadi. Haya, baadaye Petro yuko uani anaota moto, kijakazi mmoja anamkazia macho anasema huyu naye alikuwa pamoja naye, Petro anaruka, simjui. Nani alimsukuma? Soma mara kumi hutaona mkono wa Mungu ukimziba mdomo, utaona mwanaume mzima mwenye woga. Ndiyo maana alipokumbuka maneno ya Bwana alitoka nje akalia kwa uchungu, maana alijua ni yeye. Lakini kitu ninachotaka ukione zaidi kiko kwenye mstari wa 32, kabla ya yote hayo: "nimekuombea wewe ili imani yako isitindike". Yaani Yesu anajua Petro ataanguka usiku huohuo, na anamwombea. Kujua hakukumfanya aone maombi ni kazi bure. Kwahiyo ukiniuliza wewe na mama mlikuwa mnamwombea nini kaka, mlikuwa mnafanya kitu ambacho Yesu mwenyewe alikifanya kwa mtu ambaye mwendo wake alikuwa anaujua mpaka saa ya jogoo kuwika.

Kuna stori nyingine watu huipita haraka, 1 Samweli 23. Daudi yuko Keila, anamuuliza Mungu, Sauli atakuja huku? Atakuja. Na watu wa mji huu watanikabidhi kwake? Watakukabidhi. Daudi akachukua watu wake akaondoka, na Sauli aliposikia ameondoka akaacha kwenda. Kwahiyo kile Mungu alichosema anakijua hakikutokea, kwa sababu alikuwa anajua kitakachotokea kama Daudi angebaki. Padri mmoja wa Hispania wa shirika la Wajesuiti, Luis de Molina, alichapa kitabu kizima mwaka 1588 kwa kusimamia mambo ya namna hiyo, kwamba Mungu anajua hata kila mtu angeamua nini kwenye kila hali. Sikubaliani naye kila kitu, ila angalau anatuonyesha kwamba ujuzi wa Mungu ni mpana kuliko karatasi iliyoandikwa majina.

Sikufichi, hayo hayamalizi ubishi wote. Jonathan Edwards, mhubiri wa Marekani, aliandika mwaka 1754 kwamba kama Mungu tangu zamani anajua bila kukosea nitakachofanya kesho, basi kesho yangu haiwezi kwenda vingine, na hilo ni swali zito, wanafalsafa bado wanavutana nalo hadi leo. Wengine kwenye miaka ya 1990 wakaona njia rahisi ni kusema Mungu maamuzi yetu ya kesho hayajui yote. Mimi huko siwezi kwenda, Petro na jogoo wananizuia.

Sasa Warumi 9, maana ndipo ulipojeruhiwa. Mtu anakusomea "Yakobo nimempenda, bali Esau nimemchukia", anakusomea mfinyanzi na udongo, anafunga kitabu. Hapo amekusomea katikati ya barua. Rudi mstari wa 1 mpaka wa 3, Paulo anaanza kwa kusema ana huzuni kubwa na maumivu yasiyokoma moyoni kwa ajili ya ndugu zake Waisraeli, mpaka anatamani yeye mwenyewe atengwe na Kristo kwa ajili yao. Sura hii imeandikwa na mtu ambaye ndugu zake wengi hawakuamini, mtu mwenye kidonda kama chako. Na swali analojibu liko mstari wa 6: je, neno la Mungu limeshindwa, mbona taifa lililoahidiwa halikumpokea Masihi? Ukilijua swali, jibu linaanza kukaa mahali pake. Maneno ya Yakobo na Esau ameyatoa kwa Malaki sura ya 1, pale Mungu anaongea juu ya Israeli na Edomu kama mataifa, na hata Rebeka alipoambiwa habari za wale mapacha, Mwanzo 25, aliambiwa mataifa mawili yamo tumboni mwako. Huyo mfinyanzi naye ana historia yake, nenda Yeremia 18 uone: Mungu anasema nikitangaza kuliangamiza taifa, likigeuka na kuuacha ubaya wake, na mimi nitaghairi. Mfinyanzi wa Biblia ana udongo unaoweza kugeuka.

Ongeza na Farao. Kutoka 9:12 inasema Bwana aliufanya mgumu moyo wa Farao, ndiyo, na 4:21 Mungu alishatangulia kumwambia Musa atafanya hivyo. Lakini sura ya 8 inasema mara mbili kwamba Farao mwenyewe ndiye aliyeufanya mgumu, kila akipata nafuu. Yote mawili yameandikwa, anayekusomea moja tu hajakusomea Biblia.

Halafu usiishie sura ya 9, maana Paulo hakuandika sura, aliandika barua. Mstari wa kwanza tu wa sura ya 10, baada ya yote aliyosema juu ya kuchagua, anasema dua yake kwa Mungu ni ili waokolewe. Anaomba! Mtu yuleyule. Na anafika 10:13, kila atakayeliitia Jina la Bwana ataokoka, na 10:21 Mungu amenyosha mikono mchana kutwa kwa watu wasiotii, na 11:23 hata waliokatwa wanaweza kupandikizwa tena wasipokaa katika kutokuamini, na 11:32 ili awarehemu wote. Sasa kwa haki lazima niseme, Mkalvini aliyesoma atakujibu kwamba mataifa yameundwa na watu mmojammoja, na mistari ya 19 hadi 23 haiwezi kukwepeka kirahisi hivyo. Ana hoja. Efeso 1 nayo inasema tulichaguliwa kabla ya kuwekwa misingi ya ulimwengu, na hakuna Mkristo anayeweza kuifuta. Ubishi wa kweli haujawahi kuwa kama Mungu anachagua, ubishi ni kuhusu wale wasiookoka: je, na wao aliwaamulia?

Hapo ndipo makanisa yalipoachana, na nitakupitisha haraka. Calvin kule Geneva alisema ndiyo, iko amri ya Mungu hata juu ya wanaopotea, ila hata yeye alipoiandika kwenye kitabu chake kikubwa aliiita amri ya kutisha. Hakuifurahia. Baadaye Uholanzi wanafunzi wa Jacobus Arminius walitoa vipengele vyao vitano mwaka 1610 kupinga, wakasema Mungu huchagua kwa kumjua kimbele atakayeamini, na neema inaweza kukataliwa, kanisa likakaa sinodi, yaani mkutano mkuu, mjini Dordrecht 1618 hadi 1619 likawakatalia. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, naye alikuja kupigania upande wa Arminius dhidi ya rafiki yake George Whitefield, wote wakihubiri viwanjani watu wanalia na kutubu. Huku kwetu Wamethodisti na Wapentekoste wengi wako upande huo wa Wesley hata kama jina la Arminius hawajawahi kulisikia. Wakatoliki walikuwa na vita yao wenyewe juu ya hilihili, kati ya mashirika yao mawili ya kitawa, Wadominiko na Wajesuiti, mpaka mwaka 1607 Papa Paulo wa 5 akaufunga mjadala bila kumpa yeyote ushindi, akakataza wasiitane wazushi, na Katekisimu yao leo, namba 1037, inasema Mungu hamkusudii mtu yeyote kwenda motoni.

Sisi Walutheri, na huu ndio msimamo wangu, tulisema kwenye hati yetu ya imani, Fomula ya Konkordia ya 1577, kwamba Mungu anayajua yote mema na mabaya, lakini kuchagua ni kwa ajili ya wokovu tu, hakuna mlango wa pili uitwao kuchaguliwa kupotea. Aliyeokoka ameokoka kwa neema tupu, aliyepotea amepotea kwa kukataa kwake. Ukiniuliza hizo mbili zinaunganishwaje zikakaa sawa kwenye akili, nitakwambia hatuziunganishi, tunaacha zote mbili zisimame kwa sababu Maandiko yanazisema zote mbili. Ezekieli 33:11 Mungu anaapa, kama niishivyo, sikufurahii kufa kwake mtu mwovu. Mungu akiapa, mimi siwezi kwenda kutafuta nyuma ya kiapo chake nia nyingine iliyofichwa inayosema kinyume.

Na sasa nirudi kwa kaka wa kikundini. Alichowafundisha, kwamba Mungu anapeleka hawa mbinguni na wale motoni kwa namna ileile moja, Sinodi ya Dordrecht yenyewe ilikikana. Mwishoni mwa kanuni zake inasema wanasingiziwa wanaodaiwa kufundisha kwamba kukataliwa ndiko kunakosababisha kutokuamini kama vile kuchaguliwa kunavyoleta imani. Na kuna ibara ya 16 ya sura ya kwanza, natamani kila anayefundisha Ukalvini mtandaoni angeanza nayo, inaongea na watu ambao hawaisikii imani ndani yao kwa nguvu: wasishtuke wakisikia habari za kukataliwa, wala wasijihesabu miongoni mwa waliokataliwa, waendelee na neno na maombi, kwa sababu Mungu wa rehema ameahidi hatavunja mwanzi uliopondeka. Umeona? Hao ndio Wakalvini wenyewe, na wanaongea na wewe. Maungamo ya Westminster, hati ya imani ya Wapresbiteri, nayo yanaonya kuwa fundisho hili lishikwe kwa busara na uangalifu wa pekee. Kulimwaga mbele ya dada mwenye msiba wa mwaka jana, bila kuuliza anaendeleaje, huo uangalifu sijauona, na nasema hivyo nikiamini hakuwa na nia mbaya.

Wala Ukalvini hausemi basi tukae tu, yaliyopangwa yamepangwa. Wale Waskoti wa Kipresbiteri walioanzia Kibwezi, Kenya, mwaka 1891 wakahamia Kikuyu mwaka 1898, walikuwa watu wa Westminster hao, na walivuka bahari kuhubiri, wakafungua shule na hospitali. Anayeacha kuomba kwa sababu ya Calvin hajamwelewa Calvin.

Hebu tusome Matendo 27 pamoja kwa sababu naona ndiyo sura inayokufaa sasa kuliko Warumi. Paulo yuko merikebuni, dhoruba siku nyingi, jua halionekani, watu 276. Malaika anamwambia Mungu amekupa wote wanaosafiri nawe, na Paulo anawatangazia hakuna hata mmoja atakayepotea, ila merikebu tu. Hilo limeshasemwa na Mungu, limekwisha, si ndiyo? Sasa usiku wa kumi na nne mabaharia wanataka kutoroka, wanashusha mashua wakijidai wanakwenda kutia nanga za omo, yaani za mbele. Paulo anamgeukia akida na askari anawaambia, hawa wasipokaa ndani ya merikebu, nyie hamtaweza kuokoka. Aliyewaambia hakuna atakayepotea ndiye huyohuyo anawaambia mkiwaachia hawa mmekwisha! Na askari hawakukaa kujadili inawezekanaje, walikata kamba za mashua ikaanguka. Baadaye Paulo akawasihi wale chakula, wakatupa ngano baharini wapunguze uzito, akida akawazuia askari wasiwaue wafungwa, wanaojua kuogelea wakajitosa, wengine wakashika mbao, wakafika nchi kavu wote 276. Ahadi ya Mungu ilipita kwenye kisu cha askari na kwenye mbao. Hapo hakuna anayeweza kukuambia kamba zile hazikuwa na maana kwa kuwa Mungu alishasema. Na maombi yako hayakuwa kitu cha nje ya mpango wa Mungu kinachojaribu kuupenya kwa nguvu, yalikuwa ndani yake, kama kile kisu.

Swali lako la orodha. Luther akiwa mtawa kijana alikuwa anateswa na hilohilo, nimo au simo, na mkubwa wake Johann von Staupitz akamwambia aache kuchungulia huko juu, aangalie majeraha ya Kristo, pale ndipo atakapoona kuchaguliwa kwake. Calvin, ambaye kwa mengine hawakulingana na Luther, aliandika hivyohivyo, kwamba Kristo ndiye kioo cha kuangalia kuchaguliwa kwetu, na anayejaribu kupenya kwenye amri za siri za Mungu anaingia mahali asipoweza kutoka. Wawili hao wakikubaliana mahali, pazingatie. Hakuna nabii, hakuna mchungaji, hakuna mtumishi wa kwenye klipu aliyeonyeshwa orodha. Ulichoonyeshwa wewe ni Yesu anayesema yeyote ajaye kwangu sitamtupa nje kamwe, Yohana 6:37, na ubatizo wako, na meza ya Bwana. Anayeogopa asije akawa hayumo kwa kawaida ni mtu anayemtaka Kristo, na asiyemtaka hakeshi macho wazi usiku kwa ajili ya hilo.

Sasa kaka yako. Nitakuambia ukweli ninaoujua, sitaongeza. Siwezi kukuambia yuko mbinguni, na huyo wa kikundini hawezi kukuambia yuko motoni. Umesema alilazwa siku mbili hajitambui. Hakujitambua kwenu na kwa madaktari, lakini kati yake na Mungu aliyemuumba hukuwepo, na wala mimi sikuwepo. Yule mnyang'anyi msalabani alipata saa chache tu na sentensi moja, na ndugu zake kama walikuwa kijijini wakapelekewa habari, walijua tu kwamba kijana wao amekufa mwizi. Simaanishi kila mtu huokoka dakika ya mwisho. Namaanisha hukumu siyo kazi uliyopewa, ni mzigo uliojibebesha, na uuweke chini. Na alimuumba ya nini? Alimuumba kwa sababu alimpenda, 1 Timotheo 2:4 inasema anataka watu wote waokolewe, na kaka yako alikuwa mmoja wa hao wote siku zote alizoishi, hata zile za pombe. Kwanini Mungu anampa uhai mtu ambaye yeye Mungu anajua anaweza kumkataa, hilo sijawahi kulipatia jibu linalotuliza kila kitu, wala Agostino, na nikikudanganya hapa utaniona baadaye.

Na hili la "kazi ya Mungu haina makosa". Watu walisema kwa upendo, walikosa cha kusema. Lakini ajali ina sababu zake, mwendo, barabara, pombe, dereva wa gari lingine, na Biblia haikulazimishi uzipake rangi ya mkono wa Mungu. Watu walimletea Yesu habari za aina hiyo, akawakumbusha mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18, Luka 13, na akakataa kusema wale walikuwa wabaya kuliko wengine. Mama asilazimike kuitikia amina. Kaa naye mlie pamoja, someni Zaburi ya 88, ile isiyo na mstari wa furaha hata mwishoni, mwone kwamba na hayo ni maombi.

Nenda kwa mchungaji wako ana kwa ana, wiki hii kama unaweza, usimpigie tu. Mwambie kwa mdomo wako: siwezi kuomba, naogopa kaka yangu alikataliwa, naogopa na mimi. Mwombe aombe yeye kwa niaba yako kwa muda, kanisa lipo kwa ajili hiyo. Akikujibu kwa kukukemea kwamba huna imani, tafuta mwingine au mzee wa kanisa unayemwamini, wala usijione umekosea kuuliza. Kikundini pumzika kwa muda kama kinakuumiza, na ukirudi waombe msome Warumi 9, 10 na 11 kwa mkao mmoja.

Lingine ni la hospitali. Kama hulali, huli, kazi imekushinda, au kama wewe au mama mmeanza kuwaza bora nife nimfuate, hilo msilisubirishe kwa ajili ya kumaliza kwanza maswali ya kuchaguliwa, nendeni hospitali siku hiyohiyo muonane na daktari au mshauri, na mwambieni mtu wa nyumbani asiwaache peke yenu. Msiba wa ghafla unaumiza mwili na akili, na dawa na ushauri havipingani na imani hata kidogo. Ukishaonana na mchungaji niandikie tena, unieleze mama anaendeleaje.